Mguu Usiovaa Kandambili

Nilikwenda Kigoma kupeleka mguu. Ulikuwa wa Spesioza, mkimbizi wa Burundi aliyekanyaga bomu akikimbia vita. Karakana yetu ya viungo bandia Dar es Salaam ilitumiwa kipimo chake cha plasta kutoka kambini. Nikauchonga, nikaupaka rangi ya ngozi, nikajisifu. Ulitakiwa haraka, maana mtaa wake kambini ulikuwa unachagua kamati ya maji na Spesioza alikuwa mgombea.

Ndani ya treni niliupakata kama mtoto. Tulipopita Morogoro abiria wenzangu walishauzoea, wakawa wanausalimia kila asubuhi kabla yangu.

Ujiji nililala kwa shangazi wa mke wangu. Alinipa ugali na mgebuka wa mawese, akautazama mguu, akauliza vidole viko wapi. Nikamweleza kwa madaha kwamba havina kazi, kwa kuwa mguu huo unavaliwa kiatu. Akaniongezea samaki.

Kesho yake nikapanda lori la mahindi ya msaada kwenda Kasulu. Baada ya Kidahwe nilikuwa mwekundu kwa vumbi mpaka kope. Kambini Spesioza alinipokea mkekani, ameweka mbele yake kandambili mpya za buluu, jozi nzima, ya kwanza tangu akatwe mguu.

Mguu ulimkaa vizuri. Akasimama, akapiga hatua, kandambili ikabaki nyuma. Akarudi akaivaa, ikabaki tena. Mguu wangu ulikuwa bapa mbele kama mwiko, hauna penye kupita ule mkanda wa katikati ya vidole. Na viatu vya kufunika, mtaa mzima hakuwa navyo mtu.

"Fundi, umenichongea mguu wa ofisini," alisema.

Tulicheka wote, ila mimi nilicheka kwa aibu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mchana tukaenda bombani. Kule hawapigi kura za karatasi. Wagombea wanasimama na watu wanapanga mstari nyuma ya wamtakaye. Mwenyekiti wa mtaa, kwa nia njema kabisa, akamletea Spesioza kiti, akamwambia akae tu, dada yake Spesioza angesimama badala yake.

"Asante, Mzee," Spesioza akamjibu. "Lakini nikikaa, watu watapanga nyuma ya kiti. Mimi ndiye ninayegombea."

Akasimama, mguu mmoja na kandambili, mguu wangu peku kwenye tope la bomba. Akiteleza tu, watu wangesema heri angekaa kitini, na kosa lingekuwa la mikono yangu. Mara mbili niliuona mguu ukisogea. Hakuanguka. Mstari wake ulirefuka ukapinda nyuma ya nyumba za watu, na nilijikuta napiga makofi kuliko ndugu zake.

Jioni ile ile kamati mpya ilikubaliana njia ya bombani imwagiwe changarawe, ili hata mwenye magongo afike. Hoja ilikuwa ya Spesioza.

Siku ya kuondoka alinipa ile kandambili iliyokosa mguu.

"Nenda nayo," alisema. "Ukichonga mwingine, uanzie hapa."

Nikarudi Dar nikiipakata. Mguu wa pili niliomchongea ulikuwa na mwanya wa vidole. Kandambili nimeitundika karakanani, imepauka sasa, na hakuna mguu unaotoka mlangoni kwetu kabla haujaivaa.