Bitana, fundi anayeishonea miti

Kabla mteja hajauliza bei, anaulizwa yeye: "Nani atamwagilia?"

Mteja wa asubuhi hii ni mwalimu anayetafuta chungu cha mlimau wa barazani. Anajikuna kichwa. Anasema atamwagilia mwenyewe, akirudi kutoka kazini, akikumbuka. Mwanamke aliyeketi nyuma ya cherehani anaondoa mguu kwenye pedeli, anamtazama kwa huruma, kisha anamwonyesha upande wa pili wa kibanda, penye vyungu vya plastiki vya dada yake.

"Chungu changu cha kitambaa kinakauka upesi, mwalimu, na mti hauna simu ya kukukumbusha," anamwambia. "Anza na plastiki. Ukishazoea, rudi kwangu."

Ndivyo anavyofanya biashara fundi huyu, ambaye mtaa mzima unamwita Bitana. Wateja wake wengi anamsukumia dada yake, na hana wasiwasi hata chembe.

Vyungu vyake ni vya kitambaa kizito cha kijivu, mfano wa blanketi, vyenye mishikio miwili na mishono iliyonyooka utadhani imepigwa rula. Usione vyaelea, vimeundwa. Mikono hiyo ilishona makoti kwa miaka mingi, mpaka nguo zilizoshonwa tayari zikajaa madukani na cherehani yake ikabaki kula vumbi. Dada yake mkubwa, muuza miche, akamkaribisha kibandani.

Hapo ndipo alipoona kwa mara ya kwanza mche ukitolewa kwenye plastiki. Mizizi ilikuwa imefika ukutani, ikakosa njia, ikaanza kuzunguka chungu.

"Ilijisokota kama uzi kwenye bobini," anasema. "Nikauonea huruma."

Mteja mmoja akamweleza kwamba kwenye kitambaa mzizi ukifika ukingoni hukutana na hewa, ncha yake ikakauka, na mti ukachipua mizizi mingine ndani. Bitana hakulala na wazo hilo. Alishona vyungu vya kwanza, akamwomba dada yake miche ya mawaridi ya kujaribia.

Sasa, fundi wa makoti hajui kuiacha nguo bila bitana. Kila chungu alikitia kitambaa cha ndani, nailoni laini isiyopitisha maji, akakipiga na pasi. Vilipendeza kweli kweli. Ila maji yalikosa pa kutokea, mizizi ikaoza, na mawaridi yote yakafa yamevaa vizuri.

Dada hakugombana naye. Alimpa jina tu.

"Nilimwita Bitana," anasema leo huku akicheka, "maana ningemwita lile jina lililokuwa moyoni, marehemu mama angefufuka anichape."

Na ni kwa marehemu mama ndiko kisa kilikouma. Mama yao aliacha mlimau mmoja, uliokaa mbele ya kibanda kwenye plastiki ileile aliyoupandia. Majani yake yamekuwa yakigeuka manjano, na umeacha kuzaa. Kila Bitana alipoomba auhamishie kwenye kitambaa, alijibiwa kwamba mawaridi hununuliwa mengine, mlimau wa mama haununuliwi.

"Iliniuma sana," anasema. "Lakini aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka. Ningekuwa yeye, nisingejipa mti ule."

Basi akarudi kwenye cherehani. Alifumua bitana zote, akapanda pilipili, nyanya na milimau yake mwenyewe. Nanaa alimwachia dada, kwa sababu hupenda unyevu usiokatika na plastiki huutunza. Wala hakuwahi kuisema vibaya plastiki mbele ya mteja. Alimwagilia, akasubiri, na milimau ikazaa mpaka matawi yakainama.

Dada alikuwa akipita pale kila siku, akiitazama. Kisha asubuhi moja wiki iliyopita alionekana akiuburuta mlimau wa mama, peke yake, anahema. Akausimamisha kando ya cherehani.

"Nishonee," alimwambia mdogo wake. "Bila bitana."

Bitana anaposimulia hapo anasimamisha cherehani. Anafuta macho kwa pindo la kitambaa kilichoko mezani, kisha anajivuna waziwazi, kifua mbele, kama mtu aliyepewa cheo.

Chungu kiko tayari, kikubwa kuliko vyote alivyowahi kushona. Jumapili watauhamisha mti. Amepanga kuifungua mizizi taratibu kwa vidole, na kazi ya kumwagilia wamekwishagawana, asubuhi mmoja, jioni mwingine. Anachotamani ni kuuona ukichanua tena kabla mwaka haujaisha.

Lakini chungu hiki kina mishikio minne, si miwili. Anapoulizwa sababu, anakigeuza kwenye mwanga, akakagua mshono wa mwisho.

"Mti wa mama huu," anasema. "Tutaubeba wawili."