Mimi mchumi wa halmashauri, niliwapangia wavuvi jiko ambalo hawakuliomba

Wakuu, heshima kwenu, hasa mlioko kazini mnasoma uzi huku mmefungua Excel kwa ajili ya bosi akipita.

Hili limenitokea mimi, si jamaa yangu. Majina tu nimebadilisha, maana bado nautaka mshahara.

Niko idara ya mipango, halmashauri moja hapa mkoa wa Tanga. Kwetu Singida. Bahari niliiona kwa macho nilipokuja kuripoti kazini.

Chuo nilifundishwa uchumi wa kwenye grafu. Bajeti ya halmashauri hakuna aliyenifundisha. Nilijifungia na miongozo, nikaangalia video mpaka nikawa naota fomula. Kwa hiyo nina ule ugonjwa wa waliojifundisha wenyewe: kila asubuhi nahisi leo ndiyo siku watagundua sijui kitu.

Dawa yangu ni usafi wa maandishi. Niliwahi kurudi ofisini Jumamosi kwa sababu ya mkato mmoja.

Sasa tuje kwenye aibu.

Kila mwaka vijiji vinaleta vipaumbele vyao, sisi tunavikusanya kuwa rasimu ya bajeti. Kijiji kimoja upande wa Moa kilileta karatasi zilizoandikwa kwa mkono na mtendaji wa kijiji. Kipaumbele cha kwanza: "Ukarabati wa diko."

Diko?

Nikacheka peke yangu. Masikini mtendaji, hata "jiko" linamshinda! Nilipomaliza kuchapa nikapiga find and replace. Kila "diko" ikawa "jiko".

Ubaya ni kwamba sentensi zote zilikubali.

"Wanawake wanaumia kwa mawe ya jiko." Nikaona mafiga hayo.

"Jiko halina paa, samaki wanaharibika." Sawa kabisa.

"Kamati ya jiko." Nikadhani wana kamati ya mapishi. Nikawaheshimu.

Moja tu iligoma: "Maji yakijaa, wavuvi wanashuka jikoni maji yakiwa kifuani." Niliikodolea macho. Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikahitimisha jiko liko bondeni, nikaongeza kwa mkono wangu: "kutokana na uduni wa mifereji."

Kisha nikapamba na aya ya nishati safi ya kupikia. Mkuu wangu wa idara, mama mmoja asiyesifu hovyo, aliusoma mradi ule kwenye kikao cha menejimenti. Akasema, "Hivi ndivyo mradi unavyoandikwa."

Wakuu, siku hiyo nilijinunulia pweza.

Jumatano nikatumwa kuirudisha rasimu kijijini isomwe mbele ya watu. Ijumaa ilikuwa inaenda kwa madiwani. Ikishapita pale, kubadilisha mradi ni mpaka mwaka mwingine.

Nikasimama na shati langu la kupigwa pasi mara mbili. Nikasoma kwa sauti ya mtangazaji: "Mradi wa kwanza, ujenzi wa jiko la kisasa."

Watu wakatazamana.

Halafu mvuvi mmoja nyuma akasema, "Jiko? Kumbe serikali yatuozesha!"

Mnajua "kupata jiko" maana yake nini. Mkutano wote ukaangua kicheko. Mwingine akadakia, "Mie n'nayo mawili tayari. Hilo mpeni Mchumi, aonekana halali vizuri!"

Mtendaji, mzee mpole, akaninong'oneza, "Mchumi, niliandika diko. Ni pale vyombo vinapotia nanga, samaki wanaposhushwa."

Masikio yakawaka moto.

Mama mmoja mchuuzi wa samaki, nimwite Bi Mwanahawa, hakucheka.

"Mwanangu, wajua mie samaki nawachukulia wapi?"

"Hapana, mama."

"Basi njoo uone."

Pale dikoni maji yalikuwa yamekupwa. Mawe makali, yana ukoga wa kuteleza, na njia ndiyo hayohayo mawe. Akanionyesha kovu gotini. "Hapa nilianguka na beseni kichwani. Mdogo wangu alivunjika mkono palepale uliposimama. Sasa samaki wa hilo jiko lako nao si watapita humuhumu?"

Nikataka kusogea kwa heshima. Nikateleza. Mama wa watu akanidaka mkono kama mtoto wa chekechea.

Njiani kurudi nilitunga uongo wa aina tatu. Wa kwanza, mfumo. Wa pili, kompyuta. Wa tatu ulikuwa mtamu: mwandiko wa mtendaji haukusomeka. Karatasi ziko kwangu, nani angezitafuta?

Nakiri, nilikaa na huo wa tatu mpaka asubuhi. Kilichoniharibia ni kwamba yule mzee ana mwandiko mzuri kuliko wangu.

Nikaingia kwa mkuu. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umesimama kama mleta taarifa ya msiba?"

Nikamwaga yote, pamoja na uongo niliouandaa. Akauliza: "Namba ya simu ya mtendaji haikuwepo?"

"Ilikuwepo. Ukurasa wa kwanza, juu."

"Ukaifanyaje?"

"Niliiwekea nafasi kila baada ya tarakimu tatu."

Alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akaacha ghafla. "Andika upya leo. Na kesho mbele ya madiwani utaeleza wewe, kwa mdomo wako."

Nilieleza. Waliocheka walicheka, lakini diko likaingia kwenye bajeti. Fedha zenyewe kuja ni safari nyingine, mlioko serikalini mnanielewa. Ofisini sasa naitwa Bwana Jiko.

Nilipompigia mtendaji kumpa habari, Bi Mwanahawa alimnyang'anya simu: "Haya Mchumi, diko tumelisikia, twangoja kuliona. Sasa na wewe tafuta jiko!"

Nilichojifunza: miaka yote nilikuwa naogopa watu wagundue nisichokijua, kumbe hatari ilikuwa kwenye nilichokuwa na uhakika nacho. Simu ya dakika moja tu ingetosha.

Karibuni kwenye comments. Kila mmoja aweke neno la kwao ambalo mtu wa ofisi akiliona atalisahihisha. Nina daftari hapa, nayaandika.

Uzi huu nimeusoma mara tisa kabla ya kuutuma. Ukikuta neno usilolijua, tafadhali niulize kwanza.