Jino la Koleo na Goli la Kwapa

Mume wangu ni daktari wa meno, na mji mzima unamwita Koleo. Mimi ni mkewe na pia ni nesi wake. Ndani ya kile chumba chetu kidogo cha kazi yeye ndiye bosi, tukifika nyumbani mambo yanageuka. Mkono wake ni mwepesi, hilo silikatai. Ubaya wake ni kwamba anashabikia timu moja nyekundu ya Uingereza, na anapenda sana kuongea na watu ambao hawawezi kumjibu.

Mgonjwa akishalala kwenye kiti, taa ikawashwa, mdomo ukajaa pamba na kioo, Koleo anaanza. Kocha afukuzwe au apewe muda? Na yule mshambuliaji waliyemnunua kwa bei ya kutisha, mbona anazunguka uwanjani kama anatafuta kiatu chake? Mgonjwa anasema "aaa". Koleo anasema, "Unaona? Hata wewe umekubali." Miaka yote hii hajawahi kushindwa ubishi.

Tuna utaratibu kwamba mgonjwa akisikia maumivu anyooshe mkono. Ulikuwa utaratibu mzuri, mpaka mashabiki wa timu nyingine walipoanza kuutumia kupinga hoja. Koleo akisema kipa wao ni pazia, mkono juu. "Inauma?" anauliza. Mgonjwa anatikisa kichwa. "Basi teremsha mkono, huna hoja." Juzijuzi mwalimu mmoja aliumia kweli, masikini, akanyoosha mikono yote miwili, na mume wangu akaendelea kumsimulia habari za usajili mpaka nilipomfinya.

Wiki hiyohiyo likaanza jino lake mwenyewe. Gego la chini, shavu likamvimba hadi jicho likawa dogo. Daktari mwingine wa meno aliye karibu ni mmoja tu, ng'ambo ya barabara, na watu wanamwita Bluu kwa sababu hata barakoa zake ni za rangi ya timu yake. Yeye na Koleo ni marafiki wa kutukanana. Na Jumamosi timu zao zilikuwa zinakutana.

"Nenda ukang'olewe," nikamwambia.

"Halafu Jumamosi niongee kwa mdomo gani? Nilale pale, mdomo wazi, yule anihubirie? Bora nife."

"Baba watoto, hilo ni jino, si kombe."

Hakusikia. Akawa anatafuna upande mmoja, analala ameketi, anaguna usiku kucha kama jenereta. Nilimwonea huruma na nilimkasirikia, vyote kwa pamoja.

Jumamosi Bluu akaja kuangalia mechi sebuleni kwetu, kama kawaida yake. Sare mpaka dakika za mwisho, ikapigwa kona, kichwa, goli la Wekundu! Koleo akaruka na kupiga kelele kwa mdomo wote, na hapohapo jino likamjibu. Akapiga magoti kwenye zulia, ameshika shavu, analia na kushangilia. Bado yuko chini, refa akaenda VAR, kwenye marudio ya video. Wakachora mistari yao. Goli likakataliwa, eti kwapa la mshambuliaji limeotea.

"Kwapa!" akalia mume wangu. "Kwapa linafunga goli?" Sasa hakujua alie kwa lipi.

Nilitegemea Bluu angecheka mpaka aanguke kwenye kochi. Badala yake akazima runinga, akamshika rafiki yake kwapani, samahani, mkononi, tukavuka barabara.

Kumbe mume wangu, anayeng'oa meno ya watu kila siku, anaogopa sindano! Alitetemeka mpaka kiti kikawa kinalia. Mkono ulikuwa juu hata kabla hajaguswa, na mdomo ameubana. Nikambembeleza, nikamkemea, wapi. Bila kufungua mdomo jino lingebaki mle ndani, na uvimbe ulishaanza kushuka shingoni. Hapo niliogopa kweli.

Bluu akavuta kigoda, akaketi karibu na sikio lake.

"Kaka, nisikilize. Lile goli lilikuwa halali."

Mkono ukashuka kidogo.

"Halali kabisa. Mmeonewa. Leo nyie ndio mmecheza mpira, sisi tulikuwa tunafukuza vivuli."

Mdomo ukafunguka wenyewe kwa mshangao. Sindano ikaingia.

"Na kocha wenu apewe muda, anajenga timu." Machozi yakamtoka mume wangu, na hayakuwa ya maumivu. Bluu akasubiri ganzi ishike, akachukua koleo. "Na kipa wenu ni bora kuliko wetu." Jino likatoka. Sijawahi kuona mgonjwa aliyetulia vile.

Kesho yake Bluu akaja kukagua kidonda. Koleo alikuwa akimsubiri mlangoni tangu asubuhi, shavu limepungua, kifua kimejaa.

"Jana ulikiri goli ni halali. Rudia."

"Kaka, ile ilikuwa ganzi."

"Ganzi gani?"

"Sindano moja isingekutosha. Nikakuongezea na nyingine ya maneno."

Mume wangu alinywea, nikamhurumia. Akanigeukia kwa macho ya kuomba. "Mke wangu, wewe ulikuwepo. Si ulimsikia? Lile goli lilikuwa halali au si halali?"

Ilikuwa mara ya kwanza tangu anioe kuniuliza jambo lolote la mpira. Nikamwambia afungue mdomo kwanza nimbadilishie pamba. Akafungua. Nikaijaza vizuri, nikaisindilia kwa kidole, nikahakikisha hawezi kutoa hata neno moja. Kisha nikawaambia wote wawili kwamba nilikuwa nimeangalia marudio, tena taratibu, na mshambuliaji wa Wekundu aliotea kwapa, goti na nusu ya kisogo.