Ua la Damari Lililokufa Msibani

“Mmemzika mume wangu na ua langu kwa pamoja! Na wewe, Mama Dastan, ndiye uliyeshika panga!”

Damari alinipigia kelele hizo siku ya tatu ya msiba, hapa Ipogolo, mbele ya watu waliokuja kutoa pole. Nami mdomo wangu haujui kukaa. “Mama Frida, ulitaka wazee wakae juani? Turubai lingesimama wapi?”

Kwetu msiba ukitokea, majirani hawamsumbui mfiwa kwa maswali. Tunafyeka uwanja, tunasimamisha turubai, tunabandika masufuria. Lile ua lilikuwa limefunika kibaraza chote na kushuka hadi uwanjani. Nililikata chini kabisa, kisha, ujinga wangu, nikapanga mafiga juu ya shina lake. Siku tatu maharage yalichemka pale. Shina nalo likaiva.

Lilikuwa ua la kutambaa, maua yake kama vitarumbeta vyembamba vya rangi ya chungwa. Marehemu Sifaeli, mume wa Damari, alikuwa dereva wa lori la mbao. Alilitoa Igowole mwaka waliooana, kijiti kimoja kilichoviringishwa gunia bichi. Damari alikuwa fundi cherehani. Alikaa chini ya ua lile akishona sare za shule, na sisi tukikaa naye kumteta kila apitaye. Juni, baridi ikikaza na bustani za wengine zikisinyaa, kibaraza chake kilikuwa kinawaka. Maua yakiisha alilipunguza mwenyewe, kwa mkasi wa vitambaa, huku akiliongelesha. Sifaeli alikuwa akicheka: “Mimi hujawahi kuninyoa hivyo.” Jamani, siku zile! Leo pale pana kibanda cha vocha na ukuta mtupu.

Baada ya arobaini, binti yake Frida akamchukua kwake Mbeya. Damari aliniaga kwa kichwa tu, kama unavyomuaga kondakta. Hilo liliniuma kuliko kelele. Nilijua nina deni.

Nikaenda Igowole kwa Yusta, ambaye mama yake ndiye aliyempa Sifaeli kile kijiti. Mara ya kwanza nikakata ncha laini, nzuri kutazama; zikaoza wiki ya pili. Nikarudi. Yusta akanicheka: “Mwanamke mzima unapanda mboga? Kata kijiti kilichokomaa, unene wa penseli, maua yakishaisha. Kichomeke mshazari kwenye mchanga, ukifunike na chupa ya maji iliyokatwa.”

Nikapanda tisa. Kikashika kimoja.

Mwaka huu nimekipeleka Mbeya ndani ya kopo la rangi, nimekipakata njia nzima. Damari nilimkuta uani kwa Frida, anachambua mchele. Hakunikaribisha. Alichukua kopo, akafukua udongo kwa kidole mpaka akaona mzizi.

“La Igowole?”

“La Igowole. Kwa Yusta.”

“Umelimwagia maji mengi.”

“Basi lilee wewe mwenye akili.”

Akacheka mpaka akajishika ubavu, akaagiza jembe. Tukalipanda kando ya uzio, mimi nachimba, yeye ananikosoa. Tulipomaliza akachota maji kwenye ndoo, akaninawisha mikono yote miwili.

“Sikudai, Mama Dastan,” akasema. “Twende ndani, chai inapoa.”