Hatua Mbili za Ardhi

Wapima walipokuja mtaani kwetu, mtaa uitwao Ramadhani, kupima viwanja ili tupate hati, mkutano ulituomba jambo moja: kila mwenye kiwanja atoe hatua mbili za ardhi, ili kijia cha miguu kilichopita nyuma ya nyumba zetu kibaki. Nilikuja kutoka Makambako, ninakofundisha, nikasimama mbele ya majirani na kusema kwa niaba ya mama kwamba hatutoi hata shibiri. "Siku hizi bodaboda zipo," nilisema. Wengine walicheka. Mama alitazama chini.

Wiki iliyofuata nilizungusha senyenge. Nilijiona mtoto mwema.

Kijia kile ndicho walichopita wanawake wa jumuiya ya kanisa kila Jumamosi asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia miti ya miwati, wakienda kusali nyumba kwa nyumba kwa zamu. Wakifika uani kwetu waliita kwa salamu ya kwetu, "Kamwene! Bibi harusi yuko tayari, au bado anajipodoa?"

Mama, mjane wa miaka mingi, aliwajibu, "Tangulieni, nyie wenye magoti ya kuazima!" Kisha akajifunga kitenge na kuwafuata.

Baada ya senyenge walilazimika kuzunguka kwa barabara kuu, mbali. Mama alipanda bodaboda mara mbili tatu, akaacha. Akawa anasali nyumbani, peke yake, amekaa.

Mwaka wa tatu miguu yake ilivimba. Daktari alisema ni presha, akamtaka atembee kila siku, la sivyo miguu itamwacha. Nilimnunulia raba. Niliporudi mwisho wa mwezi nilimkuta jikoni, kando ya moto, raba zikiwa bado kwenye boksi.

"Mama, daktari alisema utembee."

"Nitembee niende wapi, mwanangu?"

Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira.

Kesho yake nilikata senyenge kwa koleo. Nilidhani kijia kingerudi chenyewe, kama maji. Lakini mzee jirani, ambaye mkutanoni alikuwa ametoa hatua zake mbili bila neno, alizichukua tena alipoona tumefunga. Kijia kisichofika popote kingemfaa nini? Alipanda parachichi mle, nazo zilikuwa zimeanza kuzaa. Nilimfuata shambani, nikavua kofia.

"Mzee, nilikosea."

Alifuta panga lake kwa majani. "Siku ile ulisema vizuri sana. Kama mbunge." Akaliegemeza panga shinani. "Mama yako apite. Watu wa jumuiya wapite. Wewe zunguka."

Jumamosi ile nilizunguka. Barabara yetu haina pa kupita mtu wa miguu; lori likija, unashuka mtaroni. Nilifika kwenye nyumba yenye zamu ya sala na tope hadi magotini. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye benchi. Wanawake hawakuwa wamefika.

Kisha nikawaona kati ya miparachichi. Mama alikuwa mbele, akishika shina, akipumzika, akishika shina jingine. Nyuma yake walijipanga wote, wakienda mwendo wake, na hakuna aliyemsukuma wala kumshika mkono.

Alipofika aliketi kizingitini, akahema muda mrefu. Nilitoa simu nimwitie bodaboda ya kurudi.

"Iweke," alisema. "Nipumzike tu."