Nani Anakuamsha Alfajiri

Binti yangu alipokubali kuzungumza na kijana aliyetaka kumuoa, aliniwekea sharti: nikae nao sebuleni kama dini inavyotaka, lakini nisifungue mdomo.

"Papa, weye utaanza kumufundisha," aliniambia. "Niko na maulizo yangu."

Halikuwa jambo dogo kwangu. Nilisilimu nikiwa mtu mzima, katika ukoo wa Kikatoliki uliokuja mjini kwa kazi ya reli, na kila nijuacho cha dini nimekitafuta mwenyewe vitabuni. Nilikuwa nimekwisha kupanga maswali ya itikadi na ya haki za mke. Niliyameza.

Kijana alikuja kwetu, mtaa wa Bel-Air, baada ya alasiri, akifuatana na mjomba wake. Amezaliwa katika Uislamu, mtaa wa Golf, na anasoma Kurani kwa sauti nzuri kuliko yangu.

"Unasali?" binti yangu akamuuliza.

"Zote tano."

"Nani anakulamushaka alfajiri?"

Akatabasamu. "Telefone."

"Inalia, halafu?"

Mjomba akacheka. "Ee mama, unamupima sawa juge wa korti!"

Kijana akatazama zulia. "Naizimaka," alisema. "Siku mingi nasali jua imetoka."

Mama yangu, tunayeishi naye, alitoka jikoni na sahani ya samaki wa Pweto. Ni Mkatoliki. Huamka gizani kusali rozari, na tangu mjukuu wake akiwa mdogo ni yeye anayemgongea mlango kwa sala ya alfajiri.

"Miye mukristu nalamuka," akamwambia kijana, "na weye mwislamu wa kuzaliwa unalala?"

Tulicheka wote, isipokuwa binti yangu.

"Mu nyumba yangu," alisema, "ule atatangulia kulamuka atamulamusha mwenzake. Kama utanikasirikia juu ya kukutoa mu usingizi, tusianze."

"Sema ndiyo!" mjomba akamnong'oneza, na sote tukasikia.

"Mjomba, ngoja. Nikisema ndiyo leo, iko ya mudomo tu." Kijana akamgeukia mama yangu. "Nkambo, mukimaliza kumulamusha yeye, munilamushe na miye. Mpaka nizoee."

"Na yuniti za simu, za nani?" mama akauliza.

"Mubipu tu. Miye nitawapigia."

Sikuwahi kusoma kitabu chochote kinachoeleza utaratibu wa namna hiyo. Lakini tangu kesho yake, mama yangu alikuwa akiweka rozari chini, anagonga mlango wa mjukuu wake, kisha anambipu kijana wa Golf. Simu ikichelewa kurudi, alibipu tena, akilalamika kama mtu anayedai haki yake. Nikitawadha uani nilimsikia akimwambia: "Leo sauti yako iko bado mu blanketi. Nawa!" Hata siku moja kijana hakumjibu kwa ukali, na binti yangu, nyuma ya mlango, alikuwa anasikiliza.

Asubuhi moja simu ililia kabla mama hajamaliza rozari. Aliitazama, akamwita mjukuu wake.

"Twaa. Ameshalamuka. Leo ni yeye anakulamusha weye."

Binti yangu hakuongea naye sana. Aliitikia salamu, akasema wakasali. Baada ya sala alinikuta bado nimekaa kwenye mkeka.

"Papa," alisema, "sasa unaweza kusema."

Nilitafuta katika maswali yangu yote, sikuona lililobaki. Nikamwambia amwite mjomba wa kijana, aje tupange ndoa.