Dele Lisilojua Kuacha

Wasomaji wangu mnaosukumana mbele ya gazeti hili la ukutani kila wakati wa mapumziko ili mjue nimemchokoza nani, leo mtaondoka mikono mitupu. Jirani yetu wa mtaa wa Langoni, yule kijana aliyekuwa akifanya kazi Mombasa kwenye mashine za hesabu zinazoendeshwa kwa kadi, amefariki. Alikuja likizo na homa yake. Tulimpokea gatini Mokowe akitembea kwa miguu yake mwenyewe, akanitania kwamba nimeongezeka urefu na akili imebaki palepale, na kabla ya Ijumaa tukawa tumeshamzika. Mwalimu anayesahihisha Kiswahili cha safu hii ameniagiza niandike kwa adabu. Nitajaribu. Ila marehemu mwenyewe hakuwahi kunivumilia nikiwa na adabu. Kila nilipotulia aliniuliza kama ninaumwa.

Wengi wenu mlimjua kwa jina nililombandika mimi, Bwana Matundu, maana alipoulizwa Mombasa anafanya nini, alijibu kwa moyo mweupe kabisa kwamba anatoboa kadi. Jibu hilo nusura limkoseshe mke. Alimpenda binti wa mzee mmoja mfanyabiashara hapa mtaani, akapeleka posa, na mzee akamwita barazani kwake amhoji. Mimi nilikuwapo kwa sababu ya kumimina kahawa, na kwa sababu nisingekosa kioja kile hata kwa bakora. "Matundu ya kofia nayaona faida yake," mzee alisema, "kichwa hupata upepo. Ya karatasi ni ya n'ni? Binti yangu nimpe mtu atoboae karatasi?" Mjomba wa kijana, aliyekuja kama mshenga, akaanza kusoma mikeka kwa macho.

Kijana hakukasirika. "Bwana," akasema, "kule kuna chuma na kuna maagizo. Chuma kina nguvu, lakini hakina habari. Kinaweza kujumlisha kutwa bila kuchoka, na kisijue kama kinajumlisha magunia au mbuzi. Kadi zenye matundu ndizo zinazokiambia kifanye nini, na kifuatishe nini. Ukibadilisha kadi, chuma ni kilekile, kazi nyingine." Mzee akauliza, "Na kadi huambiwa na nani?" Kijana akajibu, "Na mimi." Mzee akasema maneno matupu hayamtoshi, anataka kuona. Mwenzetu akaomba boksi la majani ya chai, akalikata vipande, akavitoboa kwa msumari, kisha akanigeukia. "Wewe ndiwe chuma. Tundu juu, inua dele la kahawa. Tundu katikati, mimina. Tundu chini, tazama kikombe: kikipungua, mimina tena. Usifanye lolote ambalo kadi haikukwambia." Nikamwambia kazi ya kukaa bila akili naiweza, hata mwalimu wangu atanishuhudia.

Tukaanza. Nikainua, nikamimina, mzee akanywa, kikombe kikapungua, nikamimina tena. Barazani watu wakatikisa vichwa kwa kuridhika, na nikamwona kijana akivuta pumzi kama mtu aliyekwisha kupewa mke. Mzee akanywa cha pili, cha tatu, kisha akatikisa kikombe, kama afanyavyo kila mtu kwetu aliyetosheka. Sasa angalieni. Alipotikisa, kahawa ikarukaruka nje, na kikombe kikapungua. Mimi nikamimina. Akatikisa kwa nguvu zaidi, kikapungua zaidi, nikamimina zaidi, mpaka kanzu yake nyeupe ikawa na visiwa vingi kuliko bahari yetu. "Wata, mwana wee! Wata!" Nikazipekua kadi zangu zote, sikuona tundu la kuacha. "Mimi ni mashine, bwana," nikamjibu, "mashine haina masikio."

Mshenga aliinuka na bakora, nami nilikuwa nimeshalitua dele na kuichagua njia ya kukimbilia, kijana alipokuja akasimama baina yetu. Uso ulikuwa umemsawijika. Alijua, na sote tulijua, kwamba mwenye binti ameloa mbele ya watu. "Usimpige, mjomba. Kafanya nilivyomwagiza. Ni mimi. Kutikisa kikombe nakujua tangu utotoni, ndiyo maana sikukumbuka kutoboa tundu lake." Mzee akajikung'uta kanzu polepole, akasema, "Mashua zangu hutengezwa Matondoni. Kila ikivuja, fundi huniambia ni mbao, ni misumari, ni mabaharia. Huyu imemvujia mbele ya mkwe wake, naye asema ni yeye." Akamtazama kijana. "Ya karatasi sikuyaelewa yote. Lakini binti yangu nitampa."

Tangu siku ile nimeifikiria sana kahawa hiyo, zaidi ya nilivyofikiria hesabu zangu. Wazee wengine wanasema mashine hizo zikifika hapa zitatunyang'anya akili. Mimi naogopa jingine. Zitakuja na maagizo yaliyoandikwa na watu ambao hawajawahi kukaa barazani kwetu, na yale tunayoyajua sote bila kuambiana ndiyo yatakayosahauliwa. Tutatikisa vikombe vyetu, nazo zitaendelea kumimina, na hakutakuwa na ubaya wowote ndani ya chuma. Marehemu alilijua hilo. Jioni ileile alitoboa kadi iliyokosekana, akanitilia mfukoni. "Hii ya kuacha," akaniambia. "Ijaribu kwanza kwenye mdomo wako."

Juzi kwenye hitima nilipewa dele tena. Nyumba ilikuwa imejaa, na wanawake ndani walikuwa na mkewe, ambaye ameanza eda akiwa hata hajazoea kuitwa mke wa mtu. Sikutania. Nilipofika kwa yule mzee nikamimina, akanywa, akatikisa kikombe kidogo tu, nikatua dele papo hapo. Akaniinulia macho mekundu. "Mashine," akaniita, "leo wayua kuwata?" Nikamwambia, "Nayua, bwana. Kadi alinitobolea." Nikaitoa mfukoni, imechakaa, inanuka majani ya chai. Akaishika, akachungulia kwenye tundu lake kama mtu anayetafuta nyumba ya mwenzake, akanirudishia. Kisha akanyoosha kikombe tena. "Basi leo usiwate," akasema. "Mimina." Nikamimina, na kila alipomaliza akanyoosha tena, mpaka dele likaisha, na hakuna aliyetuambia tuache.

Kiwiliwili cha jirani yetu tumekilaza mchangani kwa mikono yetu, na hicho hakitanyanyuka tena kunitania. Aliyotuagiza bado yanafanya kazi ndani ya watu wengine, hata ndani ya chuma butu kama mimi. Kwa hiyo nawaachia moja tu katika hayo. Siku maagizo yako yatakapomwaga kahawa juu ya kanzu ya mtu unayemwogopa kuliko wote, usimtazame aliyeshika dele. Simama mbele yake, useme: ni mimi, tundu la kuacha sikulitoboa.